Nzi wa Kasiani

Dorika aliingia uani mbio, hata shikamoo hakuna, akaupiga teke mtungi wa uraka. Mtungi ukapasuka, pombe ya mabibo ikamwagika mchangani.

"Una wazimu wewe!" Kasiani alifoka. Msimu mzima amevunjika mgongo akiokota mabibo, leo mdogo wake wa kumfuata anamwaibisha mbele ya wateja! Akamzaba kofi. La pili likampasua mdomo.

"Nipige tu, kaka, ila usiwanyweshe watu. Umetia dawa ya mikorosho!"

Kutia alitia kweli. Kila mwaka hunyunyizia lundo la mabibo, maana bila hivyo vijinzi huvamia na kuharibu uraka wote. Miaka ya mwanzo kifuniko kimoja cha dawa kiliwafyeka. Mwaka huu amemimina nusu chupa, na nzi ndio kwanza wanacheza. Lakini Kasiani si mjinga, bwana! Kabla ya kuuza huweka bakuli wazi. Nzi wakinywa na kuruka wazima, basi dawa imekwisha nguvu. Hapo kikombe cha kwanza hupewa aliyekamua. Leo amekamua Marko, mwanawe wa pekee, na kikombe keshakipokea.

"Mbona nzi wanakunywa na hawafi?" Kasiani alimcheka.

Dorika alitema damu. "Hao wako hawafi! Si ndiyo kazi yangu chuoni, kuchunguza nzi? Niliwapa dawa hiyohiyo wao na wa kijiji cha Lupaso, ambako hakuna anayewapulizia. Wa Lupaso wamekufa wote. Kila mwaka wewe unaua wanyonge, wanabaki wagumu, wanazaa wagumu wenzao. Nzi wamebadilika, kaka. Watu hawajabadilika!"

Mwanamke kumfundisha hadharani! Hasira zilimpanda Kasiani, akanyakua mchi, akamtwanga nao begani. Mfupa ulilia, Dorika akaanguka akipiga mayowe. Kasiani akauinua mchi tena.

Nyuma yake kikombe kilidondoka. Marko alikuwa amepiga magoti, jasho linamtiririka, povu linamtoka, mikono inarukaruka yenyewe.

"Mama yangu! Marko! Leteni pikipiki!" Kasiani aliutupa mchi, akampakata mwanawe na kumfuta povu kwa kiganja. Lilizidi kutoka. Dorika alijikokota kwa mkono mmoja hadi pale, akamlaza Marko ubavu, akimwita jina. Pikipiki ilipoingia uani, Marko alikuwa ameshatulia, hapumui tena.

Nzi wawili walitua midomoni mwake, wakanywa. Kasiani alipowafukuza kwa mkono, waliruka wakaenda zao, wazima kabisa.