Nusu Goli

Pale Rubaya, mpira wa majani ya migomba ulipasuka hewani. Kipande kimoja kikaingia golini, kingine kikadakwa na kipa Evode, mukwe wa mwamuzi, Papa Damien.

"Goli!" wageni wa Bweremana wakapiga kelele, macho kwa mbuzi wa ushindi.

"Nimedaka, Papa!" Evode akalia.

Damien akavipima vipande mkononi. Akikubali, mukwe atamununia. Akikataa, wageni watasema amependelea nyumba yake.

"Iko nusu goli," akasema, akapuliza filimbi ya mwisho. "Mutapata nusu mbuzi."

"Ya kichwa ao ya mukia, Papa?" mugeni mmoja akauliza.

Wote wakacheka. Nusu mbuzi haitembei mpaka Bweremana, basi wakamupika palepale. Evode mwenyewe njo alimuletea Damien maini.