Nyayo za Karin Ukingo wa Kushoto

Kabla ya kutoka, Marlys Kangas alijipaka mafuta ya mgando mashavuni na puani, akavuta soksi za sufu juu ya suruali, kisha akaketi kwenye ngazi ya jikoni na bisibisi mkononi, akakaza skurubu za viatu vyake. Huko kaskazini mwa Minnesota watu hukimbia na skurubu kwenye soli, vichwa vikitokeza nje ili viume barafu. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Upepo ulitoka ziwani, basi angeanza kwa kuupa uso. Anayeanza kwa kuupa mgongo hurudi na jasho lililoganda mwilini, na huyo ama ni mgeni ama ni mpumbavu.

Mkuu wa polisi, Ordell Skaar, alikuwa akimngoja barabarani ndani ya gari lake, kikombe cha kahawa mkononi.

"We Marlys, kwa baridi hii hata mbwa wangu amegoma kutoka."

"Mbwa wako ana akili. Shuka. Hupita kabla ya greda."

Aliyekuwa akipita ni dada yake Marlys, Karin, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita kwenye barabara hiyohiyo. Greda la theluji, lenye bapa la chuma la kusukuma theluji kando, lilimgonga kwa nyuma. Na kwa kuwa magari ya huko hushika kulia, na mkimbiaji hushika kushoto ili atazamane nayo, mji mzima ulikata shauri kwamba siku ile Karin alishika kulia, kwa uzembe wake mwenyewe. Dereva, Duane, alisema vivyo hivyo. Hata mama yao, akimkatia mgeni mkate wa iliki, husema, "Karin wangu alijitakia." Neno hilo lilimkaa Marlys kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu theluji ya kwanza ya mwaka huu, Karin alikuwa amerudi kukimbia. Mwili haukuonekana. Zilionekana nyayo tu, zikijichapa moja baada ya nyingine kwenye theluji mpya, na kiwingu cha pumzi juu yake. Kisha greda hupita, likazifuta. Ndiyo maana Marlys alimtaka Ordell awahi.

"Haya, huyo anakuja."

Kwaru, kwaru, kwaru. Nyayo zilitokea nyuma yao, zikawapita, zimeshika ukingo wa kushoto bila kuyumba. Ordell aliinama, akamulika alama za skurubu kwa tochi.

"Karin huyu. Bado anaburuta mguu wa kulia. Habari za asubuhi, Karin."

Kiwingu hakikusimama. Karin hakuwahi kupenda kusimamishwa akishapata joto.

"Umeona yuko upande gani?"

"Naona."

Hapo wakasikia greda. Lilikuja kutoka nyuma, taa za manjano zikizunguka, nalo lilikuwa kushotokushoto, kinyume na magari. Mbele, nyayo ziliendelea kwa utulivu. Greda halikupunguza mwendo. Marlys akaruka mbele yake, mikono juu. "Karin, toka! Toka huko!"

Bapa la chuma likasimama karibu na magoti yake. Alipogeuka, nyayo zilikuwa zimekoma kwenye daraja dogo, pale Karin alipogongwa, zinapokoma kila mara.

Duane akateremsha kioo. "Marlys, utaniua kwa presha!"

"Duane," Ordell akasema, "mbona uko upande huu?"

"Si ndiko kuna theluji, mkubwa? Nikienda hadi njia panda kugeuza, chai ya asubuhi nitainywa mchana."

"Na mwaka jana?"

"Siku zote."

Ordell akanywa kahawa, ambayo ilishafanya utando wa barafu. "Theluji si shahidi, Marlys. Ikifika Aprili itakuwa imeyeyuka; utampeleka nani kwa jaji?"

"Wewe umeona. Na huyu amesema kwa mdomo wake."

"Duane ana watoto."

"Karin naye alikuwa nao."

"Najua," Ordell akasema, akarudi garini.

Wiki iliyofuata, wakubwa wa wilaya walisimika kibao kwenye daraja dogo: WAKIMBIAJI, SHIKENI KUSHOTO. Mama yao alikipenda. "Wangekiweka mapema," alisema, "mwanangu angejua." Duane bado hupita kushoto, ila kwa adabu huinua bapa kidogo afikapo pale.

Marlys naye bado hukimbia na dada yake kila theluji inapoanguka. Zamani walikimbia ubavu kwa ubavu. Siku hizi hukaa nyuma yake, hatua chache, ili greda likija limkute yeye kwanza.