Mto Uliopanda Ghorofa ya Tatu

Saa nne kasoro robo, asubuhi ya Jumanne, mkaguzi wa mazingira alikuwa akibana karatasi za kesi ya saba dhidi ya kiwanda cha ngozi, mto ulipoingia ofisini. Ulipanda kwa ngazi kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, na ulipofika ghorofa ya tatu ulikuwa unahema. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyolala. Ukajitandaza koridoni, chini ya benchi la wateja.

Tarishi, mzee aliyebakiza miezi miwili kustaafu, alikunja suruali na kuchungulia mlangoni.

"Mto umekuja."

"Una miadi?" aliuliza mkaguzi.

"Hauna."

"Basi usubiri zamu."

Mkaguzi hakuwa na roho mbaya, ila hakuwa na la kuuambia. Mara sita alikuwa amekishtaki kiwanda kwa kumwaga maji ya dawa mtoni. Mara sita kilitiwa hatiani, kikatozwa faini, kikalipa siku hiyohiyo. Wakili wake hakubisha hata kidogo. Safari moja, wakisubiri stakabadhi, alimfunulia mkaguzi bajeti ya mwaka: faini ilikuwa na mstari wake, kati ya umeme na sabuni za vyooni.

"Mtambo wa kusafisha maji ungetugharimu mara arobaini," alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Tangu siku ile mkaguzi hakutulia. Akikaa, anainuka. Akifungua dirisha, analifunga.

Saa sita akafika dada yake mkubwa, ndoo ya nguo kichwani. Alilima mboga bondeni, chini ya kiwanda, na viganja vyake vilikuwa vikichunika kama kitunguu.

"Nimeufuata," alisema, akichuchumaa koridoni kuloweka mashuka. "Nimeamka nimekuta mchanga mtupu. Majirani wakaniambia umeelekea mjini, kwa mdogo wangu."

"Dada, usitie mikono humo."

"Una maji mengine?"

Mkaguzi alichukua fomu ya malalamiko, akaujazia mto. Penye jina aliandika Mto. Penye makazi aliandika koridoni, ghorofa ya tatu. Mto ukapita taratibu juu ya nafasi ya sahihi, ukaacha alama ya kahawia.

Ijumaa hakimu aliusikiliza dakika arobaini, miguu yake ameiweka juu ya kiti kingine. Alisema shahidi mwenye maelezo yaliyonyooka namna hiyo hajampata miaka mingi. Akatoa faini ya juu kabisa iliyoruhusiwa na sheria. Dada mtu akambana mdogo wake mkono, wakaumia wote wawili.

Wakili alikuwa ameshatoa kalamu.

"Tulitenga mara tano ya hiyo," alimnong'oneza mkaguzi, bila majivuno.

Mto ukauliza kama sasa unaweza kurudi nyumbani. Mkaguzi akamtazama wakili. Wakili akatazama saa. Basi mto ukarudi koridoni.

Ofisi ikauzoea. Wafanyakazi waligawiwa mabuti ya mpira, majalada yakahamishiwa rafu za juu, na tarishi akaandika barua ya kuahirisha kustaafu, kwa sababu samaki mmoja aliyebaki hai ndani ya mto alikataa kula mkononi mwa mtu mwingine. Dada akapanga chumba mtaa wa pili. Mboga alizipanda kwenye masanduku kando ya ngazi, nazo ziliota majani ya njano kama zile za bondeni.

Wiki ya tatu walikuja mafundi wa kiwanda. Walibisha hodi, wakasalimia, wakapima ukuta chini ya dirisha, wakautoboa.

"Tumeambiwa bomba liishie mtoni," msimamizi wao alieleza, akiomba radhi kwa vumbi.

Mchana bomba lilikohoa, likaanza kumwaga. Tarishi alimhamishia samaki kwenye sufuria ya chai. Dada alisogeza ndoo yake hatua mbili, akaendelea kufua. Mkaguzi alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Hatimaye akachukua karatasi safi, akaandika juu yake: kesi ya nane.

Wakili alikuwa ameketi benchini, amevaa mabuti mapya ya mpira. Hundi ilikuwa gotini, imeshatiwa sahihi.

"Ukimaliza uniite," alisema. "Imebaki tarehe tu."