Kiti cha Utepe

Kabla hakijawa na geti na mlinzi, chama chetu kilikuwa sebule ya Fundi. Fundi wa cherehani, mwanamke mwenye miguu iliyolala tangu utotoni na mdomo usiolala kamwe. Wenye magongo, wasioona, akina mama wenye watoto waliokuwa wakifichwa vyumba vya nyuma, wote tulirundikana kwake. Tukajifunza kushona, kusuka mazulia na kusengenya. Yeye ndiye aliyewaganda watu wa ofisini mpaka wakachoka kumwona, chama kikasajiliwa. Makaratasi hakuyapenda, kwa hiyo ukatibu akampa mtoto wa mdogo wake, kijana aliyemlea mwenyewe kwa uji na makofi.

Katibu alijua wageni. "Mama mkubwa," alimwambia, "mgeni hatoi mpaka amwone anayepokea."

Ndipo desturi yetu ilipoanza. Kila siku ya wageni, kiti cha magurudumu cha Fundi kilioshwa, kikafungwa utepe mwekundu kama zawadi mpya ya mgeni, kikafichwa stoo. Fundi alikalishwa chini kwenye zulia. Mgeni akishakata utepe, wanaume wawili walimnyanyua na kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, naye akalia. Alijua kulia, mwanamke yule! Kuna mgeni alilia kumzidi. Jioni kiti kilirudi nyumbani na mwenyewe, chama kikabaki na cherehani mpya, na sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kiti chenyewe alikiunda mchomeleaji wa mtaani kwa vipimo vyake, upande wa kushoto umeinuliwa kwa sababu ya nyonga iliyopinda. Bila kiti kile, Fundi alikuwa mtu wa mkeka.

Mwaka huu mgeni rasmi alikuwa mwenye kiwanda cha magodoro, na alikuwa ametuahidi karakana. Katibu, kwa kujikomba, alishampelekea kalenda ya chama yenye picha kubwa ya Fundi akitokwa machozi juu ya kiti chenye utepe.

Siku ilipofika, Katibu alisoma historia ya chama. Sebule ya Fundi haikuwemo. Kulikuwa na "maono ya uongozi", basi.

"Hayo maono yalikuwa yanakojoa kitandani kwangu," Fundi alinong'ona pale kwenye zulia. Tukaangua kicheko. Katibu hakucheka.

Mgeni akakata utepe, akamtazama Fundi, akatabasamu. "Huyu si ndiye wa kwenye kalenda yangu? Namwona kila siku ofisini! Si alishapata kiti? Leo apate mwingine."

Jicho lake likatua mstari wa mbele, kwa mama mkwe wa Katibu. Mama wa watu alikuja kunywa soda tu, goti limefungwa bandeji, fimbo mapajani.

"Mama, karibu kiti chako."

Mama mkwe akakaa kabla hatujavuta pumzi.

Katibu akainama kwenye zulia, jasho linamtiririka. "Mama mkubwa, vumilia. Mgeni akiondoka tutakichukua."

"Utamnyang'anya mkweo? Wewe ambaye hata chumvi huthubutu kumwomba?"

Mama mkwe aliumwa goti, si masikio. "Kitu nimepewa mbele ya halaiki," alisema. "Wa kunishusha ni nani?"

Fundi akapaza sauti. "Mheshimiwa! Hicho kiti ni changu! Hata mwaka jana kilikuwa changu!"

Mgeni akamgeukia Katibu. "Anasemaje?"

"Anashukuru, mheshimiwa. Akifurahi sana huwa anachanganyikiwa."

"Nyie, semeni!" Fundi akatugeukia sisi, aliotushikisha sindano kwa mkono wake. "Semeni basi!"

Tulikuwa tunaifikiria karakana. Mmoja wetu akaanzisha wimbo wa chama, wenye magongo wakagonga sakafu, sauti zikapanda. Wimbo aliutunga Fundi mwenyewe, na tuliuimba beti zote. Tulimwona akifumbua mdomo na kuufumba. Neno halikusikika.

Mama mkwe akaondoka na kiti, amelala upande kama mzigo uliofungwa vibaya, akilaumu kwamba kimepinda.

Fundi akatuma ombi apewe kiti kingine. Kamati ikakaa, ikajibu kwa heshima zote: mwanachama hapewi mara mbili, na yeye alishapewa, tena kila mwaka, picha zipo.

Basi akaja mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha. Akapita getini akijiburuta, ndala amezivaa mikononi, gauni limeshika tope mpaka kifuani. Sisi tulikuwa madirishani. Katibu alikuwa kibarazani na mpiga picha, aliyeleta picha za sherehe.

"Nimekuja," Fundi alisema akihema. "Nataka kiti changu. Kama hakuna kiti, nipe cherehani zangu, niwarudishe watu sebuleni."

"Watu gani, mama mkubwa?"

Fundi akainua macho madirishani. Tukarudi nyuma ya mapazia.

Katibu akamgusa mpiga picha begani. "Piga. Piga sasa hivi, kabla hajafika kwenye saruji."

Fundi akavua ndala ya mkono wa kulia, akaitupa kwa nguvu zake zote. Ilimpita Katibu sikioni.

Picha ilitoka safi. Ndala haionekani, kinachoonekana ni mkono ulioinuliwa na mdomo uliofunguka. Imewekwa kwenye bango la karakana mpya. Siku ya uzinduzi mgeni alisimama chini yake, akaitazama kwa muda, akafurahi, akainua mkono wake na yeye, akampungia.