Kimya cha Wimbo wa Tatu

Fundi wa studio, watu walimwita Sikio, na jina lile lilimvimbisha kichwa. Mbu akilia chumba cha pili, yeye husimamisha kazi na kulaani. Ndiye aliyerekodi albamu ile ambayo mpaka leo hakuna redio wala saluni isiyoipiga. Ndiye pia aliyeisafisha ikatakata, maana waliirekodi nyumbani kwa mwimbaji, na upande wa pili wa ukuta baba yake mshonaji alikataa katakata kusimamisha cherehani yake ya miguu.

"Wewe imba, mimi nashona," mzee alisema. "Kila mtu na kazi yake."

Asubuhi hiyo mwimbaji aliingia studio macho yamemvimba. Baba yake walikuwa wamemzika juzi.

"Kaka, niwekee ile ya kwanza, kabla hujaitoa cherehani. Sina sauti nyingine ya baba. Unamjua, hata simu alikuwa anaikimbia."

Enzi zile kanda zilikuwa adimu. Ukishapata nakala safi, ile chafu unarekodi kazi nyingine juu yake. Studio zote zilifanya hivyo. Sikio angeweza kumpiga chenga, amwambie aje wiki ijayo, lakini alimpenda mno.

"Haipo, mdogo wangu. Niliifuta. Nikarekodia tangazo la sabuni."

Mwimbaji hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Sikio. Aliomba tu wimbo wa tatu, ule wenye kimya katikati, ambao watangazaji wameusifia mpaka makoo yakawakauka na waimbaji chipukizi bado wanauiga. Kimya kilipofika, aliinua kidole.

"Hapa uzi ulimkatikia baba. Nikamsubiri. Aliposhika tena kasi, ndipo nikaingia."

Sikio, msikia mbu, hakuwahi kulijua hilo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nitatafuta cherehani ya zamani kama ile," alisema haraka haraka. "Nitairekodi, niipachike palepale. Hakuna atakayejua."

"Cherehani zipo tele, kaka. Mguu ndio haupo."

Alijitanda mtandio, akaaga kwa adabu kama siku zote, akatoka.

Sikio aliurudisha wimbo mwanzo, akaongeza sauti mpaka mwisho, akabandika sikio kwenye spika akitafuta japo mchakacho mmoja aliousahau. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri. Hakubakiza kitu.