Mjane wa Ukurasa wa Mia Mbili na Tatu

Profesa Fintan Heraty alikuwa amevaa suruali ya sherehe na fulana ya ndani, na saa ilikuwa imeshapita mbili asubuhi. Shati lilikuwa kitini, limepigwa pasi tangu jana. Kila alipotaka kulivaa alirudi mezani kuitazama picha. Siku tatu sasa alikuwa akiitazama na kuiomba ibadilike, kama vile picha nazo husikia maombi.

Ilikuwa picha yake mwenyewe, ya rangi, ya mwaka 1983. Kijana wa Kiayalandi aliyebabuka pua kwa jua la kisiwa cha Penang ameegemea kaburi la tajiri Quah Teik Soon, anatabasamu utadhani kaegemea baiskeli yake. Mwenyekiti wa ukoo wa Quah ndiye aliyetaka picha ya ujanani, waionyeshe kwa wageni wa sherehe, na Fintan akafukua maboksi mpaka akaipata. Kwanza alicheka kwa jinsi suruali ilivyokuwa pana. Kisha akaona, nyuma ya kiwiko chake, jina la mke wa Quah. Herufi zake zilikuwa nyekundu.

Pale Penang hata mtoto wa chekechea anajua. Mume akitangulia, fundi wa mawe huchonga majina yote mawili kwa mkupuo mmoja. La marehemu hulipaka dhahabu, la mjane hulipaka nyekundu, kwa kuwa bado anapumua. Siku naye akifuata, wanawe huja kubadilisha rangi; asipokuja mtu, hubaki nyekundu. Fintan alilijua jambo hilo kabla hajaijua njia ya posta. Lakini makaburi ya kile kilima alichozikwa Quah aliyapiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, mamia kwa mamia, akaenda kuyasoma ofisini chini ya feni. Kwenye filamu ile dhahabu na nyekundu zote ni kijivu. Akaona majina mawili na mwaka mmoja, 1931, na katika ukurasa wa mia mbili na tatu wa kitabu chake cha makaburi akaandika, bila hata kuweka "huenda", kwamba mke alikufa mwaka uleule na mumewe. Wasomi bwana! Mtu anapanda kilima kizima kwa miguu yake, macho anayo, halafu anakwenda kuamini karatasi.

Kitabu kilitoka mwaka 1986. Wakati huo kaburi lenyewe lilikuwa limeshavunjwa kupisha barabara, na madaftari ya ukoo yaliungua zamani za vita. Shahidi akabaki mmoja tu, kitabu cha Fintan. Kilimpandisha kutoka mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja, mtoto wa mfuga ng'ombe wa Leitrim, hadi profesa wa kualikwa na kila mtu. Mama yake alipofariki kule kwao Leitrim alikuwa katikati ya kusahihisha kurasa za mwisho, na hakwenda mazikoni. Alijifariji kwamba walau kitabu hakitakuwa na kosa.

Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka alitokea mwanamke mmoja wa Balik Pulau, muuza laksa, tambi za mchuzi wa samaki, jina lake Siew Gaik, akabisha hodi kwenye jumba la ukoo wa Quah. Alisema yeye ni binti ya Quah Teik Soon, aliyezaliwa miezi michache baada ya baba kufa. Mama yake, Oh Bee Lian, alifukuzwa na mashemeji akiwa mjamzito, akaishi huko Balik Pulau, nyuma ya mlima, mpaka alipokufa mwaka 1968. Ombi lake lilikuwa moja: kibao chenye jina la mama kiwekwe kwenye madhabahu ya mababu, pembeni ya kibao cha baba. Wazee wakafungua ukurasa wa mia mbili na tatu. Mke wa Quah alikufa 1931, sasa huyo wa 1968 katoka wapi? Wakamtoa nje kama tapeli. Fintan alisimuliwa kisa hicho kwenye karamu, akacheka pamoja na wenzake, na kicheko kile ndicho kilichokuwa kikimzuia kuvaa shati sasa.

Leo saa nne, jumba lilelile lingemheshimu kwa kubandika ubao wenye jina lake ukutani, wa kwanza kwa mtu asiye wa damu yao.

Simu ikalia. Alikuwa Quah Eng Hooi, mwenyekiti mwenyewe.

"Prof! Uko wapi wewe? Watu wa Singapore wamefika, nguruwe ameshachomwa, na mbunge kashaanza kutazama saa."

"Anko Hooi, kuna jambo." Fintan alilieleza lote bila kupumua.

"Aiya, Prof," mwenyekiti alisema. "Umekaa na picha miaka thelathini, ukaiona leo?"

"Niliiona Jumatatu."

"Basi ungeiona Jumatatu ijayo! Hilo nalo gumu?"

"Yule mama ana miaka themanini na mitatu, Anko. Nikingoja wiki moja huenda nisimkute."

"Na mimi nina sabini na moyo mbovu! Unajua nani alikuwa ameshika mlango siku ile wanamtoa? Mimi. Nilimwita tapeli kwa kinywa hikihiki. Ukisimama leo ukasema, umenivua nguo mbele za watu."

"Nitavuliwa mimi kwanza."

"Wewe utapanda ndege urudi kwenu. Mimi nitakwenda wapi?" Alikohoa. "Saa nne, Prof. Usipoonekana, ubao nauteremsha. Usije ukasema sikukwambia."

Urudi kwenu. Alikuwa amekaa pale miaka thelathini na minane, na kwao hapakuwa na aliyebaki wa kumfungulia mlango. Akavaa shati, akafunga vifungo vibaya, akafungua, akafunga tena. Kisha akachukua picha na kuingia garini.

Barabara ya Balik Pulau inapinda mlimani kona baada ya kona, na katika kila kona Fintan aliona sababu ya kugeuza gari. Angeweza kwenda sherehe kwanza, halafu amfuate mama yule taratibu, kiungwana. Angeweza kuandika barua. Aliyapanga maneno kwa Kihokkien, Kichina cha kisiwani pale, akayapangua. Na kama ameshakufa? Wazo hilo lilimpa nafuu kidogo, naye akajichukia kwa nafuu hiyo.

Siew Gaik hakuwa amekufa. Alikuwa kibandani kwake, nyuma ya sufuria lake, mdogo wa kuenea kiganjani, anapakua mchuzi mchachu wa samaki juu ya tambi. Fintan akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Anti, samahani. Mimi ndiye niliyeandika kile kitabu cha makaburi."

"Najua. Wanaume warefu kama nguzo ya umeme, tena wekundu kama kamba aliyechemshwa, unadhani wako wangapi kisiwa hiki? Kaa, kijana, unaniziba mwanga."

Akakaa, akamwekea picha mezani. "Hapa nyuma ya mkono wangu. Hili ni jina la mama yako. Tazama rangi yake."

Bibi yule akajifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa picha. Mchuzi ukachemka ukamwagika motoni. Hakugeuka.

"Nyekundu," alisema.

"Nyekundu. Alikuwa hai kaburi likichongwa, Anti. Alikuwa mjane halali wa Quah, na wewe ni binti yao. Mimi nilikosea. Ulisema kweli wakakufukuza kwa sababu yangu."

Akangoja matusi. Alingoja hata upawa wa mchuzi usoni, na angeushukuru. Siew Gaik alivua miwani.

"Mimi sikukukasirikia," alisema polepole. "Nilikuamini."

"Uliniamini mimi?"

"Nisikuamini kwa nini? Mimi sikusoma. Nilitoka pale jumbani nikajiuliza, mtu msomi vile, katoka mbali vile, hana urithi wa kugombea na sisi, aseme uongo ili apate nini? Nikaona basi mwongo ni mama. Kanidanganya habari za baba, kanidanganya habari za ukoo, labda aliniokota njiani." Aliikunja miwani, akaikunjua. "Tangu mwaka ule sijakanyaga kaburini kwake. Watu wakienda kusafisha makaburi ya wazee wao, mimi nafungua biashara. Miaka ishirini na saba, kijana. Hata kijiti kimoja cha udi."

Siku tatu Fintan alikuwa akiogopa atapoteza nini, jina, ubao, marafiki wa karamu. Kumbe alichokivunja hakikuwa kwenye jumba la ukoo hata kidogo. Alijisikia mdogo, na aliona aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini, na angekimbiza gari angewahi.

"Una panga garini?" Siew Gaik aliuliza, tayari anazima moto.

"Sina, Anti."

"Chukua langu. Magugu yatakuwa yamefika kiunoni. Beba na bakuli hili, mama alipenda tambi."

"Na jumbani? Lazima niende kuwaambia."

"Utakwenda na mimi. Kesho, nikiwa nimevaa vizuri. Leo nina deni kwa mtu mwingine."

Fintan akaizima simu.

Makaburi yalikuwa mteremkoni, nyuma ya mashamba ya minazi. Magugu yalifika kifuani, siyo kiunoni. Profesa akayafyeka, shati la sherehe likararuka begani, mpaka jiwe dogo la saruji likatokea, maandishi yamefifia. Siew Gaik akaweka bakuli, akawasha udi, kisha akabaki ameushika bila kuuchomeka.

"Anza wewe," alisema.

"Nianze nini?"

"Ulichoniambia mimi, mwambie na yeye. Mimi nilimwita mwongo kwa neno lako. Siwezi kutangulia."

Akapiga magoti. Amehutubia London, amehutubia Taipei, na hapa ulimi ulikuwa mzito kama jiwe lenyewe. "Anti Bee Lian," alinong'ona, "mimi naitwa..."

"Sauti! Alikuwa kiziwi sikio moja."

Fintan akaanza upya, kwa sauti ya darasani. "Anti Bee Lian, mimi naitwa Fintan. Nilikuandika umekufa ungali hai. Binti yako alisema kweli, na wewe ulisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Nyuma yake alisikia magoti ya kizee yakigusa majani, na udi ukachomekwa, na sauti ya mtoto mdogo ikatoka kwa bibi wa miaka themanini na mitatu: "Mama, nisamehe. Niliamini kitabu."