Kichwa cha Lumbesa

Usiku wa jana niliota gunia la vitunguu limekaa kwenye kiti changu ghalani, limekunja nne, ingawa halina miguu.

"Shikamoo," nikaliambia, maana lilikuwa kubwa kuliko mimi.

"Marahaba. Wewe ndiye dalali?"

"Ndiye mimi."

"Kaa chini. Kiti kimepata mteja mwingine."

Nikakaa sakafuni. Lilikuwa gunia la lumbesa. Kwa asiyejua biashara yetu: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kichwa juu, kinashikwa kwa wavu na kushonwa kwa uzi. Kichwa hicho ni karibu nusu gunia nyingine, lakini mkulima analipwa gunia moja. Serikali inakataza. Sisi tunashona.

Nililitambua kwa fundo lake. Ni moja ya magunia sita niliyonunua Jumamosi kwa Mama Tluway, mjane wa bonde la chini. Yeye hushona mwenyewe kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na hutumia mkono wa kushoto, hivyo fundo lake hulala upande usiozoeleka. Siku ile nilimtania, "Mama, hata fundo lako linataka kurudi nyumbani." Hakucheka. Mgongoni alikuwa na binti yake wa miaka minne, anachemka kwa homa, na kwenye zahanati walikuwa wamemwambia ampeleke hospitali ya wilaya siku hiyohiyo.

Aliposema bei yangu ni wizi, nilimpa jibu ninalowapa wote: "Si lazima, mama. Hili ni soko huria. Bei inapangwa na Soko, siyo mimi."

"Nataka kumwona huyo Soko," gunia likasema. "Nimsalimie tu."

"Hata mimi sijawahi kumwona."

"Miaka kumi na tisa unamtaja, hujawahi kumwona?"

"Kazi nyingi."

"Vaa viatu."

Tunatoka kwa mlango wa ghala na kuingia darasa la tano, lile nililoliacha. Mwalimu ni mizani yangu. Inaning'inia kwenye kenchi, ina kutu, maana sijawahi kuitumia. Wanafunzi ni vitunguu, arobaini kila dawati.

"Umechelewa," mizani ikasema.

"Samahani, mwalimu. Kwa muda gani?"

"Miaka thelathini na minane. Simama. Eleza faida za soko huria."

Hilo nalijua. Nikasimama kifua mbele. "Baba yangu alilima mahindi. Aliruhusiwa kuuza kwa chama cha ushirika tu. Walimpa karatasi, wakamwambia asubiri. Akasubiri mpaka mahindi yakaota ndani ya ghala lao na mimi nikaacha shule. Baadaye wakaja wanunuzi wa kila namna, fedha mkononi. Huyu akisema mia, yule anasema mia na ishirini. Mwaka ule baba aliezeka bati. Mikutano ya chama tuliyohudhuria haikuwahi kutuezekea bati."

Vitunguu vikapiga makofi. Maganda yakaruka darasa zima.

"Kweli tupu," mizani ikasema. "Alama tano."

"Kati ya ngapi?"

"Kumi. Sasa eleza mipaka yake."

Nikatazama sakafu. "Huko hatukufika, mwalimu. Niliacha shule."

Vitunguu vikacheka. Machozi yakanitoka. Nasema ni kwa sababu ya vitunguu.

"Nenda kamuulize Soko mwenyewe," mizani ikasema. "Yuko ofisi ya mwalimu mkuu."

Nasukuma mlango wa ofisi na kujikuta shambani kwa Mama Tluway. Ni Jumamosi tena. Wingu la mvua limesimama palepale lilipokuwa. Kwenye kigoda changu limekaa koti langu la kahawia, lile la kazi, tupu, halina mtu ndani. Linakunywa chai. Chai inaingia kwenye kola na kutokea kwenye mkono wa kushoto.

"Wewe ndiye Soko?" gunia likauliza.

"Wengine huniita hivyo."

"Bei ya Jumamosi ulipanga wewe?"

"Mimi koti, nitapanga nini? Muulizeni aliye mfukoni."

Simu yangu ikakohoa ndani ya mfuko. Halafu ikasema, kwa sauti yangu kabisa: "Haloo, Lohay. Leo usihangaike kuja. Barabara imekatika pale darajani. Ndiyo, lori halipiti. Pole sana, ndugu yangu."

Lohay ni dalali mwenzangu. Jumamosi tulitakiwa kuwa wawili pale shambani. Na barabara ilikuwa nzima. Nilimpigia simu hiyo saa mbili asubuhi, nikiwa juu ya daraja lenyewe, navuka.

"Kumbe soko lilikuwa huria," gunia likasema, "mpaka saa mbili asubuhi."

"Biashara ni akili," nikajibu. Shambani neno hilo huwachekesha vijana wangu wa kupakia. Hapa hakikucheka hata kitunguu kimoja. Koti likaendelea kunywa chai, taratibu, kama nilivyofanya mimi siku ile, saa tatu nzima, nikimtazama mama yule akitazama wingu.

Ndipo Mama Tluway akaja. Binti yuko mgongoni, amelala. Shazia iko mkono wa kushoto. Akatandaza gunia tupu miguuni pangu.

"Ingia, Baba Marselina."

"Mimi?"

"Si lazima. Unaweza kukataa. Mlango wa kukataa ule pale."

Nikageuka. Katikati ya shamba umesimama mlango, wazi kabisa, hauna askari wala komeo. Ng'ambo yake kuna vitunguu vinaoza kwenye mvua, na benchi la zahanati, na juu ya benchi mtoto anayechemka peke yake. Mtu yeyote yuko huru kupita.

Nikaingia kwenye gunia.

Lilinifika mabegani. Mama Tluway akavuta wavu, akaanza kunishona shingoni, mshono baada ya mshono, kama mtu asiye na haraka.

"Mama, kichwa kimebaki nje."

"Hicho ni lumbesa. Hakihesabiwi."

"Lakini ndicho chenyewe! Mimi hasa niko humo!"

"Na vile vya kwangu, vilivyokuwa juu ya magunia sita, vilikuwa vya nani?"



"Nimpime?" mizani ikaita kutoka darasani.

"Ya nini?" koti likasema. "Tunakadiria kwa macho."

Nilitaka kumwomba msamaha. Kwa miaka kumi na tisa sijalitumia neno hilo kazini, nikalitafuta mdomoni nikalikosa. Lililotoka ni jingine: "Mtoto anaendeleaje?"

"Nauli ya kwenda ilitosha," Mama Tluway akasema.

Nikangoja aseme ya kurudi. Akavuta uzi, akakaza fundo.

Nikaamka.

Jua limeshaingia dirishani. Nje lori linapiga honi; limekuja kuchukua magunia. Mke wangu, Mama Marselina, amesimama na kikombe cha chai, ananishangaa.

"Wewe, umelala na shati la kazi? Na kola nani kakushonea?"

Nikapapasa shingo. Kifungo cha juu cha shati lile kilikatika tangu Pasaka. Mahali pake pamefungwa kwa uzi wa bluu, ule wa magunia, umekazwa mpaka unabana koo.

"Hebu inama nione."

Nikajaribu. Maisha yangu yote nimesikia kwamba aibu humwinamisha mtu. Hii ilininyima hata nafasi ya kuinama. Akapiga magoti yeye, akasogeza uso karibu.

"Hee! Na fundo lenyewe limegeuka. Kama la mtu wa mkono wa kushoto."

Honi ikalia tena.

"Nilete wembe nikukatie?"

"Wembe uache kwanza," nikasema. "Nipe simu, nimwambie Lohay barabara haikukatika. Na mwambie dereva azime gari."